Senene wa Evodia Walioliwa Kampala

Mmeniuliza wote watatu habari ya safari yangu ya Kampala, kila mmoja kwa njia yake. Mama Jeni aliniuliza nje ya kanisa, ameushika mkono wangu kama anayepima homa. Adelina aliuliza kwa simu, akajijibu mwenyewe, akakata. Wewe Theodora hukuuliza kitu. Ulikaa tu dukani kwangu mpaka chai ikapoa, nami nikajua unauliza kuliko wote. Basi nimeandika mara moja, msome kwa zamu, kisha karatasi zirudi kwangu. Majina nimeyabadilisha, hata yenu, kwa hiyo msianze kubishana nani ni nani.

Sitawachosha na habari za hati na mihuri. Nitawaambia njia ilivyokuwa, nilikutana na nani na nilikula nini. Mkitaka kujua mwishowe nina maoni gani, mtanisamehe. Nilitoka hapa na maoni yangu, tena makali, na sijui niliyaangusha wapi.

Chonyonyo

Kaka yangu Filbert aliniita nyumbani Chonyonyo senene walipoanza kuanguka. Nilimkuta barazani, mguu mbovu ameunyoosha juu ya gunia la maharage, redio imelala pajani. Hakuniruhusu hata nimalize kumwamkia.

"Novatus hajakanyaga hapa mwaka wa pili huu," alisema. "Kila nikimpigia ananiambia kazi nyingi. Wewe ndiye shangazi yake. Nenda Kampala ukamuulize kwa nini haoi."

Mama Jeni, wewe ulikuja kwetu kwa ndoa, ngoja nikueleze. Kwetu dada wa baba, tunayemwita ishenkazi, ndiye anayetumwa kuuliza mambo ambayo baba hawezi kuyatamka mbele ya mtoto wake. Binti akitaka kuolewa, ishenkazi. Kijana akichelewa kuoa, ishenkazi. Unakula vizuri kwenye harusi, lakini kabla ya harusi unatumwa kama simu.

Redio ilikuwa ikizungumza habari za Uganda. Ilisema juu ya ile sheria yao ya watu wanaopenda wa jinsia yao, na jinsi mataifa makubwa yalivyokasirika na kukata misaada. Filbert aliizima.

"Watu wana nafasi ya kugombania upuuzi," alisema. "Mwambie mwanangu kibanja kinamngoja. Migomba haipaliliwi kwa simu."

Sikumjibu, kwa sababu simu yangu ilikuwa na ujumbe wa Novatus alionitumia juma lile. Uliandikwa hivi: Shangazi, kazi imekwisha, na nyumba tumefukuzwa. Usimwambie baba. Nilikuwa nimeusoma mara nyingi, na kila mara jicho langu lilikwama kwenye lile neno tumefukuzwa. Nilijua anaishi peke yake.

Wakati naaga, akaja Evodia kutoka Bweranyange, yule binti anayefundisha chekechea. Filbert na baba yake walikwisha kuzungumza, na Evodia alikwisha kuona picha ya Novatus na hakukataa. Alipiga magoti, akaniamkia shikamoo, akanipa kopo la maziwa ya unga. Ndani walikuwamo senene aliowakusanya na kuwanyonyoa mabawa na miguu mwenyewe, kisha akawakaanga mpaka wakawa wanalia kopo likitikiswa.

"Nimetia chumvi kidogo, Shangazi. Akipenda iongezwe, aseme."

Hapo tena nikueleze, Mama Jeni. Zamani kwetu senene walikuwa chakula cha wanaume, na wanawake ndio waliohangaika kuwakusanya. Mwanamume akila senene wa mwanamke, anamvisha. Mume humletea mke kitenge. Mchumba akileta nguo, basi amesema ndiyo, na wazazi wanaanza kutafuta ndizi za pombe. Siku hizi sisi wanawake tunawala bila kuomba ruhusa ya mtu, lakini hilo la nguo halijafa. Nililichukua kopo na nikajiona ninabeba kitu kizito kuliko kilivyo.

Chonyonyo hadi Murongo

Nilipanda bodaboda mpaka Omurushaka, mvua ikitupiga usoni. Kijana aliyenibeba alisimama njiani kuninunulia mfuko wa plastiki, si wa mimi kujifunika, wa kufunikia kopo. "Senene wakilowa, Mama, safari yako imekufa," alisema.

Nikapita Rubwera kufunga duka na kumwachia jirani funguo. Baada ya hapo tulikwama. Lori la ndizi lilikuwa limelala kwenye tope kabla ya Nkwenda, limeziba barabara yote, na dereva wake amekaa juu ya mikungu akila embe. Tulimshauri kila mtu kwa namna yake. Wanaume wakakata majani ya migomba ya watu wakayatia chini ya magurudumu, mwenye shamba akatoka na panga, ikabidi tuanze upya na salamu. Tulipofika Murongo jua lilikuwa linazama.

Pale mpakani kijana mmoja alitaka kujua kopo lina nini. Nikafungua. Harufu ilipomfikia, macho yake yakabadilika.

"Wa nani hawa?"

"Wa mwanetu, wametoka kwa mchumba wake."

Akanyoosha vidole. Mama aliyekaa karibu yake akampiga kofi mkononi. "Usiguse. Utavisha mtoto wa watu kwa mshahara gani?"

Tulicheka wote, hata yule kijana. Nawaambia hili ili mjue kwamba nilikumbushwa. Siwezi kusema nilisahau.

Kikagati hadi Mbarara

Ng'ambo ya daraja, nilikolala usiku ule, kila kitu ni kilekile ila kimevaa jina jingine. Migomba ileile, vilima vilevile. Nilisalimiana kwa Runyambo, wakanijibu kwa lugha yao ya Kinyankole, tukaelewana kama majirani wanaoongea juu ya ua. Lakini nilipoomba ugali hotelini nikatazamwa, mpaka msichana akaniletea ugali akaniambia huu ni posho. Niliomba chai, nikapewa maziwa matupu yaliyopitiwa na majani ya chai kwa mbali. Sikulalamika. Maziwa yao ni mazuri.

Kosa langu lilikuwa Kiswahili. Nilimuuliza mzee mmoja njia ya kituo cha mabasi kwa Kiswahili changu kizuri cha shuleni, akanyanyuka kwenye benchi akaondoka bila kujibu. Mwenye hoteli akaniambia kwa sauti ya chini: "Mama, hapa Kiswahili ni cha askari. Zamani ukikisikia mlangoni, kuna mtu anachukuliwa. Tumia lugha ya nyumbani." Nikashukuru, na kama mtakavyoona, nikasahau.

Mbarara hadi Kampala

Basi liliharibika kupita Lyantonde. Dereva alisema ni jambo dogo, na kwa kuwa alivua shati kulitengeneza, nikajua si dogo. Tukashuka, tukakaa majanini. Akina mama wakapokezana watoto, wanaume wakaanza siasa.

Karibu yangu alikaa mwanamume mwenye koti la kaki, mfanyabiashara wa ng'ombe, na mwanamke aliyesema ni muuguzi. Niliwaelewa kwa kuwa walichanganya Kinyankole.

"Wazungu wametukatia dawa," muuguzi alisema. "Kliniki niliyofanyia kazi imefungwa. Wanasema ni adhabu kwa ile sheria."

"Waifunge," yule wa koti akasema. "Hatuwezi kuuza watoto wetu kwa vidonge."

"Waliokuwa wanachukua vidonge ni mama yako na mama yangu. Hao unaowasema walikuwa wachache, nao wana mama."

"Basi waende kwa hao wazungu wanaowapenda."

Halafu akanigeukia. "Mama wa Tanzania, kwenu wako?"

Watu wote walinitazama. Kwetu sheria ipo, mnaijua, na ni ya kifungo kirefu. Watu pia wapo, nadhani. Ila kwetu mambo hayo hayana sauti, watu hugeuza mgongo tu. Nikasema, "Kwetu tunalima ndizi."

Walicheka sana. Nami nilicheka nao, kopo la senene likiwa mapajani, na ujumbe wa Novatus mfukoni. Muuguzi hakucheka. Nilitamani kumwambia kitu lakini sikujua ni kitu gani.

Linalonichanganya mpaka leo ni hili. Tulipofika Lukaya na wauzaji wakavamia madirisha na vijiti vya nyama, yule yule wa koti la kaki alininunulia kuku na ndizi ya kuchoma, akakataa katakata nisilipe. Tulipofika Kampala giza likikaribia alinishushia mfuko, akaniitia bodaboda, akampa dereva onyo: "Huyu ni mama yangu, ukimpoteza nitakutafuta." Mtu mwema kabisa. Ningemwambia ninakwenda kwa nani, sijui angefanya nini.

Kampala

Novatus alikuwa amenielekeza kwenye nyumba ya nyuma, nyuma ya duka la vioo. Nilibisha. Kimya. Nikasikia sauti ndogo ndani, nikabisha tena, na hapo ulimi ukanitoroka. "Hodi! Fungueni mlango!" Kwa Kiswahili, tena kwa sauti ya mtu aliyechoka na basi.

Kitu kikaanguka, sufuria nadhani. Nikasikia dirisha la nyuma likifunguliwa na miguu ikiruka chini, kisha mbwa wa jirani wakaanza. Nilibaki nimesimama na kopo langu. Ndipo nikakumbuka ya Mbarara. Nikaita kwa Runyambo, nikataja jina la baba yetu na la mama yetu, nikasema ni ishenkazi yako, mtoto, nimechoka, nifungulie.

Alikuja kwa kuzunguka ukuta, pekupeku, goti linatoka damu. Huyo Novatus niliyembeba mgongoni alikuwa mwembamba kama fito ya kuegemezea mgomba. Alinikumbatia, nami nikaanza kulia, kwa sababu nilielewa kwamba mtoto wetu amefika mahali pa kuruka dirisha akisikia sauti ya shangazi yake.

Nyuma yake alikuja mwingine, mrefu, mpole, tepu ya kupimia bado inaning'inia shingoni. "Huyu ni Denis," Novatus alisema, akaishia hapo. Denis ni mtu wa Teso, fundi wa nguo, na Kiswahili chake alikiokota kwa wanajeshi waliopita kwao. Alinisogezea kiti kwa heshima zote, akainama, akasema kwa sauti laini, "Wewe! Kaa chini!" Nikakaa.

Mimi si mtoto. Chumba kilikuwa kimoja, kitanda kimoja, chandarua kimoja. Cherehani ilikuwa imefunikwa shuka. Novatus alikaa mkekani mbele yangu.

"Shangazi, najua umetumwa. Niulize."

Nilikuwa na swali tayari tangu Chonyonyo. Nililipanga njiani, nikalitia mistari ya Biblia huku na huku. Nikafungua mdomo nikamuuliza, "Umekula?"

"Bado," akasema.

Hilo ndilo lililobaki kuwa swali langu, na ndilo jibu. Sikuuliza jingine, naye hakuongeza. Mficha uchi hazai, wanasema, lakini sisi tulificha, na tulielewana kila kitu.

Niliweka kopo mezani, nikamwambia Novatus, "Hawa wametoka kwa Evodia wa Bweranyange." Alielewa mara moja. Akalisukuma kopo polepole mpaka ukutani, akaenda nje kununua maharage. Denis hakuelewa. Kwao wanakula kumbikumbi, hawana habari na senene wala deni lao la nguo. Nilikuwa nimetoka kunawa miguu uani, niliporudi nikamkuta ameweka kopo magotini, anatafuna, macho ameyafumba kwa raha.

"Nani kapika?" aliniuliza.

"Msichana wa nyumbani."

"Yeye fundi," alisema, akachota tena.

Mngefanya nini? Mtu ana njaa. Nilimwacha ale.

Kesho yake nilielewa habari yenyewe. Novatus alikuwa dereva wa kliniki ya mradi wa nje, anapeleka dawa vijijini. Sheria ilipopita, wafadhili wakakasirika wakafunga mkoba, kliniki ikafungwa, yeye akabaki barabarani. Ndipo mwenye nyumba wao, aliyewapangisha miaka bila neno, akaogopa kwamba naye atashikwa kwa kuwaweka, akawatolea vitu nje mchana kweupe, mtaa mzima ukitazama. Wateja wa Denis waliokuwa wamepeleka vitambaa walivichukua havijashonwa. Hiki chumba waliazimwa na mjane mmoja, kwa mwezi huo tu.

"Wakubwa wa nje waliikasirikia serikali," Denis alisema, Novatus akinitafsiria. "Serikali bado inakula. Sisi ndio tulioacha kula. Kila wakipiga kelele kwenye redio, mtaa unatutazama upya. Bora wanyamaze."

"Wangenyamaza," Novatus akasema, "rafiki yetu aliyekamatwa angekuwa bado ndani. Barua zao ndizo zilizomtoa."

"Ametoka yuko wapi? Kambini, anapigwa na wakimbizi wenzake."

"Lakini yuko hai."

Walibishana hivyo, kwa upole, kama watu waliokwisha kubishana hilo mara nyingi. Niliwageukia mmoja mmoja na kila aliyesema nilimkubalia.

Mchana akaja binti wa kizungu mwenye nywele fupi. Alikuwa anaandika habari za watu kama wao ili dunia isome. Alikuwa mwema, alileta mkate na sabuni, alivua viatu mlangoni. Aliposikia mimi ni shangazi kutoka kijijini alifurahi mno, akataka kuniuliza. Novatus akatafsiri.

"Anauliza ulijisikiaje ulipojua."

"Nilipojua nini?" nikasema.

Novatus hakulitafsiri hilo. Yule binti akasubiri, akainamisha kichwa upande, akauliza tena.

"Anauliza kama unanipenda."

Jamani, nani anauliza hivyo mbele ya mtu mwenyewe? Nikamtazama Novatus, mifupa ya mabega imesimama. "Mwambie umekonda," nikasema.

Sijui Novatus alimwambia nini. Alizungumza kwa muda mrefu kuliko nilichosema, na yule binti akaandika huku machozi yakimlengalenga. Alipoondoka aliahidi kuwaulizia watu wa kuwahamisha nchi ya mbali. Denis alisema ni wa tatu kuahidi. Nilimpenda na alinichosha, vyote viwili.

Siku ya kuondoka nilimwambia Novatus aje nyumbani tu. Akakataa.

"Baba atataka nioe, Shangazi. Nisipooa ataniuliza, na akiniuliza yeye mwenyewe siwezi kumdanganya. Na Evodia wa watu, nimuoe nimfanyie nini? Amenikosea wapi?"

"Basi utakwenda wapi mwezi ukiisha?"

Ndipo Denis akainuka, akafunua sanduku, akatoa gauni. Kitenge cha kijani chenye maua ya njano, mikono imekunjwa vizuri, shingo imezungushiwa uzi wa dhahabu. Mteja wake mmoja aliliagiza, akaogopa kuja kulichukua. Aliliweka mikononi mwangu, akasema kile Kiswahili chake cha kambini: "Hii peleka. Mpe yule alipika."

Novatus alishtuka. Nami nilishtuka. Lakini Denis alikuwa ametoa kitu chake cha mwisho chenye thamani, kwa shukrani, kama alivyolelewa na mama yake. Ningemrudishia vipi? Nikasema webale, asante, nikalikunja, nikajisemea nitalificha chini ya mfuko na litaishia Rubwera kwenye kabati langu.

Kampala hadi Chonyonyo

Njia ya kurudi siikumbuki vizuri. Nakumbuka nilikula ndizi ya kuchoma ikiwa baridi, na kwamba basi halikuharibika hata mara moja, siku ambayo ningependa liharibike. Nilikuwa natafuta maneno ya kumwambia Filbert. Amechoka, anafanya kazi, anakusalimu. Yote ya kweli, na yote ya uongo.

Nilikosea nilipopitia Chonyonyo kabla ya Rubwera. Mnajua msafiri akifika kwetu mfuko wake si wake tena. Nilikuwa bado namwamkia kaka, wifi yangu akaubeba mfuko ndani kutafuta mkate wa wageni. Nikamwita. Nikachelewa. Alitoka ameshika gauni juu kwa mikono miwili kama bendera, na vigelegele vyake vikasikika mpaka kwa jirani.

"Amewala! Amewala senene wa Evodia!"

Filbert alisimama. Kaka yangu ambaye hasimami bila fimbo, alisimama, akashika nguzo ya baraza, uso wake ukalowa. "Mwanangu," alisema tu. "Mwanangu anarudi."

Hapo ndipo nilipaswa kusema. Nilimtazama yule mzee na mguu wake, nikaona nikisema senene hawakuliwa na Novatus, swali linalofuata ni waliliwa na nani. Na nikilijibu hilo, mtoto amepoteza mahali pa mwisho duniani palipobaki. Nisiposema, nimemfunga binti wa watu kwa kamba ambayo hata hakuiona. Nilisema naumwa kichwa. Kilikuwa kinauma kweli. Jioni ile mtu alitumwa Bweranyange na lile gauni.

Rubwera

Jumapili mlimwona Evodia kanisani amelivaa, mkanisifia kwamba nimeleta mchumba. Sasa mnajua kwa nini nilitoka kabla ya matangazo.

Wiki ile alikuja dukani. Hakuwa na gauni mwilini, alikuwa nalo mkononi, limefuliwa na kupigwa pasi. Alipiga magoti, tukasalimiana, nikamwekea chai. Akaligeuza gauni ndani nje, akanionyesha mishono.

"Shangazi, wewe ni wa kuulizwa, sivyo? Nani kalishona?"

"Rafiki yake Novatus. Fundi."

"Basi nguo imetoka kwa huyo rafiki. Ndiye aliyewala senene?"

Nilikuwa na uongo wangu umejipanga, lakini hukai mbele ya mtu aliyepiga magoti ukamdanganya hivihivi.

"Ndiyo," nikasema.

"Na Novatus?"

"Alilisogeza kopo. Alisema hujamkosea chochote."

Alipitisha kidole kwenye uzi wa dhahabu. Nilidhani atalia, na alilia kidogo, bila sauti. Kisha akauliza kama huyo fundi ana mke. Nikasema hana. Akatikisa kichwa taratibu. Sijui alielewa nini. Mpaka leo nikikutana naye natafuta usoni kwake, sipati.

"Ni fundi mzuri, umwambie," alisema akilikunja. "Lakini mimi niliwakaanga kwa mtu aliyewataka."

Akaliacha juu ya kaunta na chai hakuimaliza. Jioni niliambiwa amekwenda kwao akawaambia wazazi kwamba yeye ndiye amekataa, hataki mwanamume wa ng'ambo ya mpaka. Baba yake alimfokea sana. Bweranyange nzima inamwita binti mwenye maringo. Filbert amekasirika, lakini hasira yake yote imekwenda kwa Evodia, na kwa mwanawe imebaki huruma tupu. Anasema mtoto amevunjwa moyo, arudi apumzike, asiulizwe habari ya kuoa na mtu yeyote mpaka moyo upone. Yaani mlango umefunguliwa, na aliyeufungua ndiye anayetukanwa. Ninyi mnaomsema Evodia pale kisimani, hasa wewe Adelina, mwacheni.

Jana Novatus alipiga simu. Nilimweleza. Akasema mwezi wa mjane umekwisha, wanaondoka chumbani. Yule binti wa kizungu hajajibu. Yeye Novatus atakuja nyumbani Krismasi. Halafu akasema, polepole, "Shangazi, naweza kuja na Denis?"

Nikasema mtandao unasumbua, nikakata. Mtandao haukuwa unasumbua.

Sikulala vizuri. Niliyajua maandiko niliyofundishwa, na sijayaacha. Nilijua majirani zangu, yaani ninyi. Nilijua polisi wako wapi. Nikawaza nimpokee mmoja na mwingine abaki wapi, aruke dirisha gani. Nikakumbuka Denis alivyokula amefumba macho. Nikawaza nimwite aje kama fundi wangu wa dukani, maana kitenge nauza na fundi sina, na hilo halitakuwa uongo. Kisha nikawaza vinginevyo, kisha vinginevyo tena.

Leo asubuhi nimempigia. Nimemwambia waje, na cherehani ije. Nimetoa magunia kwenye chumba cha uani, nimefagia, nimetandika vitanda viwili. Chumba ni kimoja, sina kingine.